Naomba ushauri: mwalimu anasema mwanangu si wa kawaida

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Niko Ujiji, Kigoma. Mwanangu ana miaka 7, si muongeaji. Nikienda naye Kibirizi kuanika dagaa, anawapanga mmoja mmoja, vichwa vyote vikitazama ziwani. Mwalimu kaniambia mtoto "si wa kawaida". Nimempeleka kupimwa masikio, yako sawa. Bibi yake anasema aachwe tu.

Nimesoma kwamba mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima marubani zaidi ya 4,000, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wa wastani kwa vipimo vyote 10 vya mwili. Sasa huyo mtoto wa kawaida ni yupi? Naombeni mnisaidie: nimuulize mwalimu nini hasa, na nikiona dalili gani nimrudishe hospitali?