Kuachisha ziwa mapema ndama wa ng'ombe wa nyama: tupeane uzoefu

Mfugaji_Kongwa
Wakuu, habari za mifugo. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ndama wengi wanazaliwa Novemba hadi Januari. Ukifuata mazoea ya kumwachisha akifika miezi saba au minane, unaangukia Agosti, nyasi zimekuwa mabua na mama amebaki mbavu tupu huku bado ananyonywa. Jike wa hivyo hapandwi, hata umletee dume la dhahabu.

Kwa hiyo mimi huachisha Mei, ndama akiwa na miezi minne hadi sita, ubichi ungalipo. Mama anaingia kiangazi na nyama mgongoni. Hesabu ni hii: mwaka siku 365, mimba inakula kama 285, zinabaki 80 tu za kupumzika na kushika mimba nyingine kama unataka ndama kila mwaka. Kunyonywa muda wote kunachelewesha joto la kutaka dume, na njaa ikiongezeka juu yake ndiyo basi.

Nazungumzia Boran, zebu na chotara wao. Wa maziwa, ndama anayenyweshwa kwa ndoo, hao wana uzi wao. Leteni yenu, hasa mnavyowatenganisha, maana kelele za usiku zinatumaliza.

Nyapara_Laikipia
Salamu kutoka Nanyuki. Nimefanya kazi kwenye ranchi za Boran miaka mingi. Usimfungie ndama mbali ambako mama hamwoni. Weka uzio katikati: mama upande huu, ndama upande ule, wanaonana na kunusana, ila chuchu haifikiki. Watalia, lakini watalia wakiwa wanakula. Baada ya siku nne, tano hivi, utaona majike wenyewe wanaondoka kwenda malishoni. Uzio uwe wa kweli lakini. Ukiwa wa miiba iliyolegea, asubuhi utakuta wote wameshiba maziwa na unaanza upya.

Jambo la pili: ndama abaki mahali anapopajua, penye maji na kihori alichokizoea. Anayehamishwa ni mama. Na siku hiyo usihasi, usikate pembe, usipige chapa. Chanjo ya chambavu na nyinginezo wapewe wiki mbili au tatu kabla. Huzuni moja kwa wakati mmoja inamtosha.

Yeyo_Longido
Ndugu zangu, mnaongea kama maziwa si chakula cha watu. Ninayekamua ni mimi, si mwenye ng'ombe. Ng'ombe wetu hashushi maziwa mpaka ndama aguse chuchu kwanza. Ukimwondoa ndama Mei, umefunga na kibuyu changu, na watoto wanywe nini? Mzee wangu alileta hilo wazo kutoka kwenye semina, nikamwambia aje akamue yeye.

Tunachofanya ni kupunguza. Ndama analala mbali na mama, asubuhi anaonjeshwa, nakamua chuchu mbili, nyingine zake. Mchana hafuati kundi, anabaki olopololi, ile sehemu ya nyasi karibu na boma tunayowatunzia ndama na wagonjwa. Hivyo anajifunza majani mapema. Mama akishakuwa na mimba kubwa ndipo tunampaka kinyesi kwenye chuchu, ndama anaacha mwenyewe.

Mfugaji_Kongwa
Yeyo, hapo umenibana kweli. Kwangu majike wa kukamua nimewatenga, hao wanabaki na ndama zao. Ninaoachisha mapema ni wale wa porini, na mitamba waliozaa mara ya kwanza. Hao bado wanakua, wananyonyesha, na unataka washike mimba tena. Ukiweza kuachisha wachache tu, anza na hao.

Ngitili_Bariadi
Lishe ndiyo kila kitu hapa. Ndama wa miezi mitatu, minne tumbo lake la kucheua linafanya kazi, lakini halijazoea. Anza kumlisha wiki tatu kabla, akiwa bado ananyonya. Mimi nimeweka kizuizi cha miti chenye mwanya mdogo: ndama anapita kwenda kula, mama anabaki nje anatazama. Baada ya hapo nawafungulia kipande cha ng'itili, yaani malisho tunayoyafunga ili yaliwe kiangazi, kilichotunzwa kwa ajili yao. Ndama wa kilo 90 anataka kama kilo mbili na nusu hadi tatu za chakula kikavu kwa siku.

Angalizo: huku mashudu ya pamba ni rahisi kupata, lakini yana sumu yake na ndama mdogo haihimili kama ng'ombe mkubwa. Wape ya alizeti na pumba. Urea ndiyo kabisa, isiguse kihori chao.

Hesabu_Kwanza
Na mimi niseme lisilopendeza. Mwaka wa mvua nzuri haya yote hayalipi. Jike akiwa mnene na nyasi zipo, maziwa ya mama ni rahisi kuliko mashudu yoyote mtakayonunua. Angalieni mgongo wa mama, si kalenda.

Daktari_wa_Josho
Naunga mkono, ila msisubiri mno. Ukame wa 2021/22 huku Simanjiro watu walikuwa wananiita jike ameshalala chini, ndama anavuta chuchu kavu. Hapo huachishi, unaokoa. Mbavu zikianza kuhesabika ukiwa mbali, na mvua iko mbali vilevile, tenganisha.

Mkishawakusanya ndama pamoja, tazameni mavi. Kuhara damu kunapenda zizi lenye unyevu na msongamano. Kihori kiinuliwe wasikikanyage. Wakohoao watengwe. Na josho lisikatike, maana ndama asiyechanjwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, akipoteza nguvu wiki ile, kupe hawamwonei huruma.

Mgeni_Kilosa
Vile viplastiki vya kuvika puani vipi? Nina ndama wachache, uzio sina.

Nyapara_Laikipia
Vinafaa kwa wachache kama wako. Anakula, anakunywa, kunyonya hawezi, na anabaki na mama yake. Acha siku tano hadi saba, vua, tenganisha siku hiyohiyo. Ukivua ukamwacha na mama anarudi ziwani jioni ileile. Ila kila siku pitia pua, wengine huchubuka.

Mgeni_Kilosa
Shukrani. Vinatumika tena mwaka ujao?

Nyapara_Laikipia
Vioshe, vitie dawa, vinatumika.