Wahadhiri wa uchumi na sayansi ya jamii Nairobi: umesubiri nini, na kwa miaka mingapi? Tupeane uzoefu

Chaki_na_Vumbi

Wadau, hamjambo. Wiki jana mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne aliniuliza, "Mjomba, wewe hasa hufanya kazi gani?" Nikamwambia nafundisha sosholojia chuo kikuu. Akasema, "Hiyo naijua. Lakini kila nikija hapa nakukuta unangojea kitu." Mamake alicheka hadi chai ikamwagika. Mimi sikucheka sana.

Niliajiriwa 2013 nikiwa na masta. Mwaka uliofuata Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikatoa vigezo vipya: anayetaka kuitwa mhadhiri awe na PhD, na sisi tuliokuwa ndani na masta tukapewa miaka 5 ya kuitafuta. Nilijiandikisha 2015, nikatetea tasnifu 2022. Nikizihesabu siku nilizokuwa nyanjani au mezani nikiandika, hazitimizi miaka 3. Zilizobaki zote kazi yangu ilikuwa imelala kwa mtu mwingine: msimamizi, bodi ya uzamili, mtahini wa nje ambaye barua yake ilifika ofisi isiyo yake.

Basi tuambiane ukweli. Wewe umesubiri nini? Vyuo na watu tusivitaje, sote tunakutana kwenye lifti.

Takwimu_Tupu

Daktari, umegusa kidonda. Mimi ni wa uchumi, na sisi njia yetu ina kona zake kwa sababu ya AERC, lile shirika la utafiti wa uchumi Afrika lililoanzishwa 1988 na ambalo makao yake ni hapa Nairobi. Masta yangu ilikuwa ile ya vyuo kushirikiana. Masomo ya msingi unayasoma chuoni kwako, kisha mnakusanywa Nairobi, Mganda, Mmalawi, Mghana, kusoma yale ya kuchagua. Nilijifunza ekonometriki, yaani takwimu za kupimia uchumi, kwa usingizi wa saa 4.

Baadaye nikaomba ruzuku yao ya utafiti. Kule pesa haitoki kwa mkupuo. Unapeleka pendekezo kwenye warsha yao ya mara mbili kwa mwaka, unachambuliwa, unarudi na kazi iliyofika nusu, unachambuliwa tena, halafu ripoti ya mwisho. Mara ya kwanza nilisimama kifua mbele na matokeo ya awali: wanachama wa sakko wana mapato ya juu kuliko wasio wanachama, kwa hiyo sakko inainua watu. Mzee mmoja akavua miwani, akauliza swali moja tu: "Waliojiunga na wasiojiunga walikuwa sawa kabla ya kujiunga?"

Nilihisi sakafu imehama. Bila shaka hawakuwa sawa. Wengi waliojiunga walikuwa tayari na mshahara wa kukatwa. Nilichokuwa nikikiita faida ya sakko kilikuwa faida ya kuwa na ajira. Nilirudi nyumbani nikaanza upya na data ya miaka mingi ya watu walewale. Tangu pendekezo hadi makala kutoka kwenye jarida ilinichukua miaka 4 na nusu, na sijutii hata mmoja. Kuna kusubiri kunakokupika.

Bado_Kibarua

Naomba niingie kabla kusubiri hakujageuzwa mapishi.

Huu ni mwaka wangu wa 9 kama mhadhiri wa muda. Nina masta ya uchumi, PhD iko nusu. Vyuo vitatu: asubuhi mjini, alasiri Barabara ya Thika, jioni upande wa Lang'ata. Jumatatu peke yake napanda matatu 5. Somo moja ni saa 45 kwa muhula. Unafundisha, unatunga mtihani, unausimamia, unasahihisha karatasi 180, unapeleka alama, na hapo ndipo unaruhusiwa kujaza fomu ya madai. Fomu inapita kwa mkuu wa idara, kwa mkuu wa kitivo, kwa uhasibu. Ya muhula wa Januari 2021 nililipwa Novemba 2023, tena nusu. Kila nikiuliza naambiwa, "Iko kwa mfumo."

Sasa sikieni kichekesho. Kila mwaka nafundisha modeli ya Harris na Todaro ya 1970, wale wachumi wawili walioiangalia Kenya wakajiuliza mbona watu wanazidi kumiminika Nairobi ilhali kazi hazitoshi. Jibu lao: mtu hapimi pato la leo, anapima mshahara wa kazi rasmi mara uwezekano wa kuipata. Zao la hesabu hiyo likizidi pato la shamba, anakuja, na atakaa mjini akifanya vibarua huku akingoja zamu yake.

Mwaka juzi niko ubaoni, katikati ya mlinganyo, nikanyamaza. Mwanafunzi wa mbele akauliza, "Mwalimu, umesahau?"

Nikamjibu, "Hapana. Nimekumbuka."

Takwimu_Tupu

Ndugu yangu, naondoa neno mapishi.

Mama_Wawili

Bado_Kibarua, umeniliza na kunichekesha kwa pamoja.

Mimi ni sayansi ya siasa. PhD nilimaliza mapema, nikadhani nimevuka. Kumbe mlima wenyewe ulikuwa mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi. Pale unahesabiwa pointi za machapisho, kwa vigezo vya 2014 ni 32, nyingi zitoke kwenye majarida yenye wapitiaji, na juu yake uwe umesimamia wanafunzi wa uzamili hadi wakamaliza. Neno lenyewe ni hilo, *wakamaliza*. Wangu wawili waliacha kwa kukosa karo. Usimamizi niliufanya, usiku, mtoto mgongoni, lakini mwanafunzi aliyeacha hana pointi.

Na sasa aibu yangu, ili dada zangu wadogo wasiirudie. Mwaka 2016 nilipata baruapepe: "Mpendwa Profesa, tumevutiwa na kazi yako." Profesa! Hata uandamizi sina. Jarida lina jina refu lenye neno *kimataifa* mara mbili. Nilipeleka makala, ikakubaliwa baada ya siku 6, nikalipa dola 150 kutoka kwenye pesa za sakko. Siku 6, jamani. Mimi ninayejua kwamba mpitiaji wa kweli hukaa na makala hadi uisahau.

Usaili wa kupandishwa cheo ulikuja 2021. Mjumbe mmoja wa kamati akaandika anwani ya tovuti ya jarida kwenye simu yake, kisha akanionyesha skrini kwa upole. Walikuwa wanauza viatu.

Nilirudi kwenye foleni miaka mingine 3. Nilipata, mwishowe. Lakini siku ile nilishuka ngazi nikiwa nimebeba faili langu kama mtu aliyetoka mochari na nguo za marehemu.

Chaki_na_Vumbi

Mama_Wawili, pole sana dada. Na asante kwa kusema. Najua wanne waliolipa jarida la aina hiyo na hakuna aliyewahi kukiri.

Acheni_Kulia

Mnalia kana kwamba mliahidiwa pepo. Nani mwingine Nairobi ana Julai na Agosti za kuandika anachotaka? Konsaltansi za mashirika je? Kuna wahadhiri wa uchumi wanaotengeneza kwa ripoti moja mshahara wa miezi 6. Semeni yote.

Takwimu_Tupu

Wapo, kweli. Ni wachache, na ni walewale. Wengi wao mwisho hawaonekani darasani, wanafunzi wanafundishwa na Bado_Kibarua.

Mzee_wa_Gandhi_Wing

Wanangu, nimewasoma kuanzia juu. Mimi nilistaafu, nilikuwa historia.

Kwanza kwa kijana wa Todaro. Ujue ile Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo pale chuoni ilianzishwa 1965, na wageni waliopita hapo ni pamoja na Joseph Stiglitz akiwa kijana, zaidi ya miaka 30 kabla hajapata Nobel ya 2001. Ulimwengu ulikuja Nairobi kujifunza uchumi wa nchi maskini. Huo mlinganyo unaoufundisha si wa kigeni, umekula sukuma kama wewe.

Pili, kuhusu kusubiri. Chama chetu cha wahadhiri kilipigwa marufuku 1980. Mwaka 1982 wenzetu kadhaa wakawekwa kizuizini, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti chuo kikafungwa zaidi ya mwaka mzima. Ulikuwa ukikaa nyumbani na notisi zako, hujui kama una kazi, na hujui jirani anamripotia nani. Tulijaribu tena 1993, tukagoma kudai chama kiandikishwe, viongozi wakafukuzwa kazi. Chama hicho, UASU, kiliandikishwa 2003, chini ya Kibaki, ambaye naye katika ujana wake alikuwa mwalimu wa uchumi Makerere. Miaka 23. Kuna niliogoma nao ambao cheti cha usajili kilitoka wakiwa kaburini.

Siwaambii haya ili mnyamaze. Kinyume chake. Sisi tulijua aliyetukalia, tulimwona kwenye televisheni kila jioni. Ninyi mnaambiwa "iko kwa mfumo." Mimi nisingejua niandamane mbele ya mlango upi.

Mama_Wawili

Mzee, heshima zako. Hilo la mlango nimelinakili.

Nilitoka

Nilikuwa idara ya sosholojia, nikatoka baada ya mgomo wa 2018, ule ulioanza Machi. Sikutoka kwa hasira. Nilikaa nyumbani wiki nyingi nikagundua nimelala vizuri.

Sasa niko kwenye shirika la utafiti, Nairobi hapa hapa. Mshahara tarehe 25. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kuna mtu kazi yake ni kukifuatilia. Ripoti inaisha kwa wiki 8. Ila niseme na upande wa pili: miaka hii yote sijachagua swali hata moja. Swali huja na pesa yake. Kuna jambo kuhusu vyama vya kuzikana vya Kawangware ambalo nilianza kuliandika nikiwa chuoni, madaftari 3 yako juu ya kabati. Mke wangu ameuliza mara mbili kama ayatupe.

Chaki_na_Vumbi

Usiyatupe. Niandikie faraghani, nina mwanafunzi wa masta anayetafuta mada ya aina hiyo, na mahali ulipofanyia utafiti anaweza kuparudia.

Nilitoka

Nimekuandikia.

Bado_Kibarua

Wadau, samahani nawatoa kwenye mada. Leo gazetini kuna tangazo, nafasi 2 za kudumu, uchumi. Wanataka nakala 10 za maombi, kila moja na vyeti vyote, machapisho, na barua za wadhamini. Faili langu ni kurasa 140. Nani anajua pa kuchapa kwa bei nafuu pale River Road?

Takwimu_Tupu

Uwezekano wa kuipata umeukadiria?

Bado_Kibarua

Sijaukadiria na sitaki. Nauliza bei ya kuchapa tu.