Mjadala: Ni nini hasa hulifanya kombora liitwe la kurushwa kutoka nchi kavu?

Wapo wanaoshikilia kwamba swali hili ni la wanasheria tu, kwa kuwa anayeangukiwa na kombora hana haja ya kujua kama limetoka kwenye lori au kwenye nyambizi. Siafikiani nao hata kidogo, kwa sababu mkataba uliozidhibiti silaha hizo kwa miaka zaidi ya 30 ulivunjikia hapohapo, kwenye maana ya maneno hayo.

Mkataba huo, uitwao INF, uliotiwa saini na Ronald Reagan wa Marekani na Mikhail Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti mjini Washington tarehe 8 Desemba 1987, ulipiga marufuku makombora ya balistiki (yanayorushwa juu sana kisha kuangukia shabaha) na ya kruzi (yanayoruka chini kama ndege) yanayorushwa kutoka nchi kavu na kufika umbali wa kati ya kilomita 500 na 5,500. Ya melini na ya ndegeni haukuyagusa. Kufikia katikati ya mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameteketezwa, na hadi mwaka 2001 wakaguzi wa Kimarekani walikuwa bado wanakaa kwenye lango la kiwanda cha makombora cha Votkinsk, Urusi, huku wenzao wa Urusi wakikaa kwenye kiwanda cha Magna, jimboni Utah, Marekani.

Hata hivyo, uliacha mwanya. Kombora la kruzi lisilokusudiwa kutumika nchi kavu liliruhusiwa kujaribiwa kutoka kwenye mtambo wa ardhini usiohamishika, uliotengwa kwa majaribio tu, bila kuhesabiwa kuwa la nchi kavu. Marekani inadai kwamba hapo ndipo Urusi ilipopenya: kombora lake la kruzi la 9M729 lilirushwa kwanza kutoka mtambo wa aina hiyo likapita kilomita 500, kisha likarushwa kutoka mtambo wa magurudumu kwa umbali unaoruhusiwa, na majaribio hayo mawili yakiunganishwa yanazaa silaha iliyokatazwa. Urusi ilikana. Tarehe 23 Januari 2019, karibu na Moscow, iliwaonyesha waandishi wa habari na waambata wa kijeshi bomba refu la kubebea kombora hilo, ikaeleza kwamba linafika kilomita 480 tu. Lakini umbali wa kombora haupimwi kwa kulitazama bomba lake.

Urusi nayo ilikuwa na lalamiko ambalo, kwa maoni yangu, lilipuuzwa mno. Huko Deveselu, Romania, Marekani iliweka mitambo ya Mk 41 ya kudungulia makombora, jamii ileile ambayo manowari zake hurushia makombora ya kruzi ya Tomahawk. Marekani ilijibu kwamba mfumo wa Romania hauna programu wala vifaa vya kurushia makombora ya kruzi. Tarehe 2 Agosti 2019 ikajitoa rasmi kwenye mkataba, na tarehe 18 mwezi huohuo, katika kisiwa cha San Nicolas, California, ikarusha kombora la kruzi kutoka mtambo wa Mk 41 uliowekwa nchi kavu, likapita kilomita 500. Jaribio hilo halithibitishi kwamba Deveselu palikuwa pameandaliwa kwa kazi hiyo, ila linaonyesha kuwa hofu ya Warusi haikuwa ya kubuni.

Msimamo wangu basi ni kwamba mkataba wowote ujao uanzie kwenye mtambo: kila mtambo uliosimama ardhini na unaoweza kurusha kombora la kruzi uhesabiwe, uwe wa majaribio au wa ulinzi, mpaka wakaguzi waufungue na kuthibitisha vinginevyo. Najua majeshi hayapendi wageni wachungulie mifumo yao ya ulinzi, na pingamizi hilo ni zito, lakini walioruhusu wageni kukaa kwenye malango ya viwanda vyao kwa miaka 13 walikuwa maadui wakubwa kuliko wa leo.

Wanaotaka tupime umbali peke yake waniambie jambo moja. Nyambizi ikirusha, adui huitafuta baharini. Mtambo wa nchi kavu ukirusha, adui hupiga nchi iliyoupokea. Aprili 2024 Marekani ilipeleka kaskazini mwa Luzon mtambo wa Typhon, unaoweza kurusha Tomahawk, na Ufilipino haikuwahi kuwa mshirika wa mkataba wa 1987. Kwa kipimo cha kilomita tu, Wafilipino wanaokaa jirani na mtambo ule watahesabiwa wapi?