MREJESHO: Yule mdogo wangu aliyegombea ubunge nje ya CCM na Ukawa

Wakuu, Agosti 2015 niliwaomba ushauri: mdogo wangu, miaka 24, hana mtaji, anataka ubunge kupitia chama kidogo, si CCM wala Ukawa (umoja wa vyama vya upinzani wakati huo). Nimzuie au nimwache? Wengi mlisema nimwache, nami nikamwacha.

Kwanza, mliosema umri si tatizo mlikuwa sahihi. Katiba inataka miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe umedhaminiwa na chama. Ndiyo maana hakuweza kusimama kama mgombea binafsi.

Fomu alirudisha salama tarehe 21 Agosti. Shida ilianza kwenye kampeni. Tulikuwa na pikipiki mbili na spika ya kuazima ya msikitini. Watu walimsikiliza kweli, hasa akinamama wa sokoni, ila swali lilikuwa lile lile: "Mwanangu, nikikupa wewe, si nitamgawia kura yule mwingine?" Hilo hakupata jibu lake hadi mwisho. Kwa mfumo wetu anayeongoza ndiye anachukua jimbo, hata asipofika nusu.

Halafu mawakala wa kutulindia kura vituoni. Jamani, mawakala! Vituo zaidi ya nusu hatukuwa na mtu, maana posho hatukuwa nayo.

Siku ya uchaguzi, tarehe 25 Oktoba, akashika nafasi ya tatu, mbali sana. Nchi nzima ACT-Wazalendo wenyewe, chama kilichokuwa nje ya Ukawa, walipata jimbo moja tu mwaka huo, la Zitto Kabwe, Kigoma Mjini.

Dogo amerudi dukani. Jana nimemkuta anaandika orodha ya vituo.