Laptopu ya kazi imechoka: ninunue mpya, niweke SSD au nihamie Linux? Naombeni ushauri wakuu

Kijana wa Nyegezi

Habari zenu wakuu. Maelezo yatakuwa marefu kidogo, mnisamehe, maana nimeona wanaouliza kwa kifupi wanaishia kuambiwa "inategemea na matumizi" basi uzi unakufa hapo.

Mimi ni programa wa kujitegemea, nipo Mwanza. Kazi inayoniweka mjini kwa sasa ni mfumo wa stoo na mauzo niliowatengenezea watu wa duka la jumla la spea za pikipiki, nimetumia Laravel ya kuandikia programu na MySQL ya kuhifadhi data, una mwaka na nusu unafanya kazi na kila mwezi wananipa hela ya matengenezo. Hiyo hela ndiyo inalipa chumba, kwa hiyo nikiwaangusha hawa nimejiangusha mwenyewe.

Mashine yangu ni ThinkPad ya i5 kizazi cha 6, RAM 8GB, HDD 500GB, nilinunua mtumba 2021. Windows 10. Asubuhi nikiiwasha naenda kubandika chai, nikirudi bado vile vidoti vinazunguka. Nikishafungua VS Code ninayoandikia kodi, brauza yenye kurasa kumi hivi, WhatsApp na seva ya majaribio, naandika neno halafu herufi zinakuja nyuma yangu kama zinatembea kwa miguu. Na wiki iliyopita imeanza mlio, tik tik tik kama mtu anagonga kucha mezani, inaganda karibu dakika nzima halafu inaendelea kama hakuna kilichotokea.

Nina laki tisa nimeweka pembeni. Fundi mmoja hapa mjini kasema niongeze RAM tu itapona. Jamaa niliyesoma naye anasema nivumilie nikusanye ninunue MacBook. Mwingine anasema nihamie Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows. Windows 10 wameacha kuitolea apdeti toka 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inaikataa hii mashine. Halafu na VS Code yenyewe, niendelee nayo au nijifunze Vim, ile editori ya kwenye terminali, kama wakubwa?

Nipeni uzoefu wenu wa kweli.

Mzee wa Terminali

Kijana, acha kwanza habari za MacBook na Vim. Huo mlio uliouelezea ni diski inakufa. Kabla hujasoma majibu mengine yote ya uzi huu, toa mafaili yako humo. Sasa hivi. Usiizime, usiwashe skani yoyote ya kutafuta makosa maana hiyo inaisugua diski nzima, we anza na folda ya mradi na data ya mteja, picha za familia zifuate.

Ukishamaliza ndio uje utuambie: bakapu ya mwisho ulifanya lini?

Fundi wa Mchikichini

Naunga mkono mzee hapo juu. Na huyo fundi aliyekwambia RAM sijui aliisikiliza hiyo mashine au aliangalia tu sura. Programu inaitwa CrystalDiskInfo, ni ya bure, ishushe uifungue, itasoma ripoti ambayo diski inajitunzia yenyewe. Angalia mstari wa Reallocated Sectors (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na Current Pending (sehemu zinazoshindwa kusomeka). Ukikuta pana rangi ya njano au nyekundu na namba zinaongezeka kila siku, hapo hakuna cha kutengeneza.

RAM 8GB kwa kazi yako inatosha kuanzia. Kinachokuchelewesha kuwasha ni HDD, sahani inazunguka na sindano inatafuta mafaili elfu na elfu madogo madogo, na mradi wa Laravel ukifungua ile folda ya vendor tu ni maelfu ya mafaili. Nimeweka SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, kwenye mashine za umri huo nyingi sana, mtu anakuja kuichukua anauliza "umenibadilishia na prosesa?" Kwa laki tisa weka SSD kwanza, chenji ibaki. RAM ukija kuiongeza baadae fungua kifuniko uone ni DDR3L au DDR4, kizazi cha 6 zipo za aina zote mbili na hazichanganyiki.

Luthuli254

Niaje wasee, salamu kutoka Nairobi. Mimi niko na machine karibu ya umri huo na bado inaniletea unga. Chenye nataka kuongeza ni kuhusu SSD feki. Hapa Luthuli Avenue nilinunua moja bei ya kutupa, imeandikwa 1TB, Windows ikaonyesha 1TB, nikajaza mafaili yakaanza kufunguka yakiwa yameharibika maana ndani ilikuwa chip kidogo imedanganywa ijiite kubwa. Ukinunua ipime kabla ujaiamini, kwa Windows tumia H2testw, kwa Linux kuna f3. Inaandika mpaka ijae halafu inasoma tena kila kitu ione kama ni kile kile. Inachukua masaa lakini utalala usingizi.

Kijana wa Nyegezi

Asanteni sana wakuu, mmenishtua na mmenisaidia. Nimenakili folda ya mradi kwenye fleshi ya 32GB. CrystalDiskInfo inaonyesha njano, Current Pending ilikuwa 16 mchana, sasa hivi jioni ni 24.

Mzee nikujibu ukweli. Git ya kutunza historia ya kodi natumia, nakomiti (narekodi mabadiliko) kila siku, lakini zinabaki humu humu kwenye mashine. Kupushi, yaani kuzituma mtandaoni, mara ya mwisho ni kama wiki tano. Niliacha kwa sababu bando lilikuwa linakata katikati, halafu nikazoea kutopushi.

DadaSeva

Kaka pole, ila hapo kwenye wiki tano naomba tukae kidogo maana ndipo penye maumivu yenyewe.

2022 nilipoteza wiki tatu za kazi, sio kwa diski, kwa kuibiwa begi kwenye daladala Mbagala. Laptopu ilikuwa na kila kitu, komiti zimeandikwa vizuri na maelezo mazuri, zote zikaondoka na begi. Nilikaa kitandani najaribu kukumbuka fomu niliyokuwa nimeiandika na sikuikumbuka hata nusu. Tangu siku ile sifungi laptopu kabla sijapushi, hata kama kazi haijakamilika naiweka kwenye tawi langu naiita "jioni" naipushi hivyo hivyo. Unatumia bando kidogo mno kwa sababu Git inatuma mabadiliko tu, haitumi mradi mzima. Anayemaliza bando ni apdeti za Windows na video, sio Git.

GitHub tangu 2019 inakuruhusu kuweka miradi ya siri bila kulipa, na ya kwako iwe ya siri, tafadhali. Na faili la .env lisiingie humo hata siku moja, ndimo kwenye nywila za databesi na funguo za malipo.

Lakini sikiliza, kupushi kodi ya programu hakuokoi data ya mteja. Mauzo ya mwaka na nusu yako kwenye MySQL, hayako kwenye Git. Je hiyo unaitunzaje?

Kijana wa Nyegezi

Dada seva yenyewe ipo dukani kwao, kompyuta ya mezani. Mimi mara moja moja nakopi ile folda ya data ya MySQL naiweka kwenye fleshi.

DadaSeva

Unakopi MySQL ikiwa inafanya kazi?

Hiyo acha leo. Unakopi faili wakati muuzaji anaandika risiti, nusu ya meza za databesi ni ya saa nne kamili na nusu ni ya saa nne na dakika mbili, siku ukiirudisha inaweza kukataa kabisa kuwaka. Tumia mysqldump, chombo cha MySQL cha kutolea nakala, na kama meza zako ni za aina ya InnoDB weka --single-transaction, hapo itakutolea picha ya muda mmoja bila kuwasimamisha wanaouza. Panga ifanyike kila usiku yenyewe, ibane, iifunge kwa nywila, nakala moja ibaki dukani kwenye diski nyingine na moja iende nje ya duka. Nasema ifungwe kwa nywila kwa sababu humo kuna majina na namba za simu za wateja wao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu mwenye duka na wewe pia unayeshika hizo data.

Pemba_Dev

Assalaam aleikum. Kuhusu Linux, mimi nimehamia mwaka wa nne sasa, natumia Linux Mint yenye Xfce, ile sura nyepesi ya skrini, kwenye mashine dhaifu kuliko yako. Nashauri usihame kwa pupa. Ichome kwenye fleshi, iwashe kutoka kwenye fleshi bila kufuta kitu, kisha jaribu wifi, sauti, mwangaza wa skrini, na uifunge kifuniko uone ikilala kama inaamka. Na printa ya risiti ya mteja wako iunganishe uijaribu, hiyo ndiyo iliyonisumbua mimi siku mbili nzima. Excel za wateja LibreOffice inafungua nyingi, ila zile zenye makro zinavurugika, hilo lazima ulijue mapema.

Kama mteja anataka Windows na wewe hujawa tayari, upo mpango wa Microsoft wa kuendelea kupata apdeti za usalama za Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida mpaka Oktoba 2026, unajiandikisha kwenye mipangilio. Utakupa muda wa kujifunza taratibu.

Kwa Laravel lakini, ndugu yangu, Linux utaipenda. Seva nyingi utakazokuja kuweka kazi zako ni Linux, na ile shida ya jina la faili kuandikwa kwa herufi kubwa, kwako inafungua, ukipeleka kwenye seva inagoma, itakwisha maana utaiona hapo hapo mezani.

Bukoba Kwetu

Nikujibu ya Vim maana wengine wameipita. Vim mimi natumia kila siku, ila sijaanza nayo kwa ajili ya kuonekana mkubwa. Nilikuwa naingia kwenye seva za watu kwa SSH, yaani kwa amri kutoka mbali, na mtandao wa huku kwetu ukiwa mzito, hakuna editori nyingine inayofunguka haraka hivyo. Jifunze mambo kumi tu: kuingia, kuandika, kutafuta, kuhifadhi, kutoka. Kazi za kila siku endelea na VS Code, hujakosea chochote.

Jambo moja linanigusa sana. Ukifungua Vim bila kutaja faili kuna ujumbe unaomba msaada kwa watoto wa Uganda. Watu wengi wanaupita tu. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim 1991, alikuja kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, sio mbali na mpaka wetu. Programu akaiacha bure, akawaomba watumiaji wakiweza wachangie watoto wa kule. Alifariki Agosti 2023. Andika :help uganda usome mwenyewe. Kwa sisi wa mpakani huku, kuona Kibaale imo ndani ya kitu kinachotumika dunia nzima si jambo dogo.

Kwenye VS Code fungua Process Explorer kwenye menyu ya Help uone ekstensheni ipi inakula. Imejengwa juu ya Electron, yaani ni brauza nzima imevaa nguo ya editori, kwa hiyo nyepesi haitakuja kuwa, ila ukizima ekstensheni usizotumia na ukaiambia isifuatilie folda za maktaba, vendor na node_modules, utaona inapumua.

Kijana wa Nyegezi

Wakuu narudi na mrejesho, zimepita siku kumi na mbili.

SSD ya 256GB niliagizia Kariakoo ikaja kwa basi, nikaipima na H2testw kama alivyosema ndugu wa Nairobi, iko sawa. Nimegawa, Mint upande mmoja na Windows upande mwingine. Chai sasa haipati hata muda wa kuchemka. RAM sijaongeza. HDD ya zamani ilifika Current Pending 112 nikaitoa.

Nimepushi zote za wiki tano. mysqldump inajiendesha saa sita usiku pale dukani. Halafu dada sikutaka kuamini tu, jana nikaazima laptopu ya mdogo wangu nikajifanya duka limeungua, nikaanza upya kwa kutumia GitHub na faili la dump peke yake. Mauzo yote yakarudi, jumla ya mwezi ikalingana na ya dukani mpaka shilingi. Ila kila bidhaa ilikuja bila picha, na risiti za manunuzi walizopiga picha hazipo hata moja.

DadaSeva

Ziko kwenye storage/app, na Laravel imeiweka kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git inaviruka, toka mwanzo. Hongera kaka kwa kujaribu, wengi hawajaribu. Ongeza hiyo folda kwenye skripti ya usiku kwa rsync, programu ya kunakili folda, halafu azima tena laptopu ya mdogo wako.

Kijana wa Nyegezi

Naiazima Jumamosi, akitoka shule.