MJADALA: Kilichofukiwa shambani mwangu ni changu peke yangu?

Mleta mada
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Mtu ana kigunduzi cha metali. Anamfuata mwenye shamba, anaomba ruhusa, anapewa. Anazunguka, mashine inalia, anachimba, anatoa sarafu za karne nyingi zilizopita. Wanagawana, wanauza, kila mmoja anashika njia yake. Hakuna aliyeibiwa wala aliyeruka uzio. Kosa liko wapi?

Mimi nasema lipo, na ruhusa ya mwenye shamba hailifuti. Ruhusa hiyo inamwezesha mtu kuingia na kuchimba. Haimpi haki ya kuharibu ushahidi ambao ukishavurugwa haurudi tena. Sarafu yenyewe ina habari kidogo. Habari nyingi ziko pale ilipolala: kina gani, kando ya nini, ndani ya chombo gani. Ukiing'oa bila kuyaandika hayo, umebaki na kipande cha metali chenye bei.

Sisemi watu waache. Nataka sheria iseme hivi: tafuta kwa ruhusa, ukipata cha kale uripoti kabla hujakitoa chote, na makumbusho yakikitaka yawalipe wote wawili bei halisi. Anayepinga ajitokeze.

Mwenye shamba
Nipo. Ardhi nimeinunua kwa jasho langu na kodi nalipa. Mvua ikigoma, hasara ni yangu. Mto ukifurika, hasara ni yangu. Ila siku chungu la dhahabu likitokea ndipo tunakumbushwa kwamba historia ni ya wote! Kama ni ya wote, basi wote waje kulima.

Na hiyo "bei halisi" anaipanga nani? Mnunuzi akijipangia bei mwenyewe, huko si kununua.

Msomaji wa sheria
Kabla hatujafika mbali: dhana kwamba mwenye ardhi anamiliki kila kilichomo ndani yake haikubaliki kila mahali.

Uingereza na Wales wana Sheria ya Hazina ya mwaka 1996. Kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 300 na chenye dhahabu au fedha angalau asilimia 10 ni hazina, na sarafu za aina hiyo zinahesabika hazina zikiwa mbili au zaidi kutoka mahali pamoja. Aliyepata anatakiwa aripoti ndani ya siku 14 kwa mchunguzi wa vifo vya ghafla. (Ndiyo, afisa yuleyule anayechunguza maiti. Ni kazi ya urithi wa enzi za wafalme.) Makumbusho yakikihitaji, kamati huru ndiyo inayopendekeza thamani, na pande zote zinaweza kupeleka tathmini zao. Kwa desturi fedha zinagawanywa nusu kwa nusu kati ya mtafutaji na mwenye ardhi. Kwa hiyo swali lako la bei lina jibu, mzee. Unaweza usilipende, lakini lipo.

Denmark ni hadithi nyingine. Huko vitu vya thamani ya kihistoria ni vya dola tangu sheria za zama za kati. Mtafutaji analipwa zawadi. Mwenye shamba hapati kitu.

Ireland wamekaza zaidi. Hata katika shamba lako mwenyewe huruhusiwi kutafuta malikale kwa kigunduzi bila kibali cha maandishi cha serikali. Ufaransa nako, mbali na idhini ya mwenye ardhi, unahitaji kibali cha mkuu wa mkoa. Marekani imeegemea upande wako: katika ardhi binafsi mwenye ardhi ana nguvu kubwa, ila katika ardhi ya serikali kuu kuna sheria ya mwaka 1979 inayolinda vitu vya kiakiolojia vyenye umri wa miaka 100 na zaidi.

Mwenye shamba
Nihamie Marekani basi. Hiyo ya Denmark ni unyang'anyi wenye muhuri.

Mtafutaji
Mimi ndiye mnayemsema, kwa hiyo niruhusuni nami niongee.

Kwanza, mnatuona kwenye picha tumeshika dhahabu. Hamtuoni tunapochimba misumari, vifuniko vya chupa, karatasi za metali za pakiti za sigara na vipande vya makopo tangu asubuhi hadi jua linazama. Mashine inatuma mawimbi ya sumaku ardhini, metali inayajibu, nasi tunasikia mlio. Sarafu ya kawaida ikiwa kina cha kama sentimita 20 hivi, mlio tayari unaanza kufifia. Yaani kwa sehemu kubwa tunapapasa ngozi tu ya ardhi, ileile ambayo jembe la trekta limekwisha kuipindua mara nyingi. Huo "ushahidi wa pale kilipolala" trekta lilishaumaliza kabla sijazaliwa. Na mbolea za viwandani zinaendelea kuila metali. Nikiiacha sarafu pale kwa heshima ya historia, namhifadhia nani? Kutu?

Pili, bila sisi mambo mengi yasingejulikana. Mwaka 1992 huko Hoxne, Suffolk, mkulima alipoteza nyundo yake, akamwita rafiki mwenye kigunduzi aje kuitafuta. Zikatokea sarafu za Kirumi 14,865 za dhahabu, fedha na shaba, pamoja na vito na vyombo vya mezani vya fedha. Yule rafiki alilipwa pauni milioni 1.75 akagawana na mkulima, na nyundo nayo ikapatikana. Mwaka 1987 huko Kalkriese, Ujerumani, mwanajeshi wa Uingereza aliyekuwa akitafuta kwa kigunduzi alipata sarafu za Kirumi na baadaye risasi za kombeo. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuamini kwamba wameufikia uwanja wa vita vya mwaka 9 BK, ambako lejioni tatu za Roma, yaani vikosi vyake vikubwa vya jeshi, ziliangamizwa. Wasomi walikuwa wameutafuta kwa karne nyingi. Aliyewaonyesha pa kuanzia alikuwa mtu wa mashine.

Mwanafunzi wa akiolojia
Kaka, mifano yako yote miwili inanipa nguvu mimi.

Pale Hoxne yule bwana alipoona wingi wa kitu alichokigusa aliacha kuchimba, akatoa taarifa. Wanaakiolojia wakaja siku iliyofuata. Ndiyo maana leo tunajua vitu vile vilifungwa kwenye sanduku la mbao, kwamba ndani yake mlikuwa na makasha madogo yenye vikufuli vya fedha, na kwamba vyombo vilipangwa kwa uangalifu, vingine vikiwa vimetenganishwa kwa nyasi kavu na vitambaa visikwaruzane. Mtu aliyeficha mali ile alikuwa na muda wa kufunga mizigo. Angeendelea kuchota kwa ndoo, tungebaki na rundo la fedha tu.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1999 watu wawili walichimbua kilimani karibu na Nebra, Ujerumani, bila kibali. Wakatoa sahani ya shaba nyeusi yenye jua, mwezi na nyota za dhahabu, pamoja na mapanga na mashoka. Walikuwa na haraka, chombo chao kikaiumiza sahani na kung'oa sehemu ya dhahabu. Wakaiuza, ikapita mikono kadhaa, na polisi wakaja kuinasa Basel, Uswisi, mwaka 2002. Wengi wanaiweka kwenye umri wa kama miaka 3,600. Lakini mwaka 2020 wataalamu wawili walitilia shaka kama kweli sahani na mapanga yale vilitoka shimo moja, na wakadai sahani ni changa zaidi kwa karne nyingi. Wenzao wamewajibu kwa vipimo vya udongo na metali. Ubishi wenyewe umepata nafasi kwa sababu hakuna mtu mwaminifu aliyesimama pale na daftari.

Na hoja ya trekta ina ukweli nusu. Udongo uliopinduliwa hupoteza kina, ila ramani ya pale vitu vilipotapakaa hubaki kwa kiasi. Kule Little Bighorn, uwanja wa vita vya zamani huko Marekani, moto wa nyika ulipoteketeza majani mwaka 1983, wanaakiolojia waliwachukua watu wa vigunduzi, wakapita uwanja wote kwa mistari wakiweka bendera kila mlio. Kila ganda la risasi likaandikwa mahali pake. Kwa alama iliyoachwa na pini ya bunduki kwenye ganda, waliweza kufuata bunduki moja ikihama kutoka sehemu hadi sehemu wakati wa mapigano ya mwaka 1876. Ganda hilohilo ukiliweka mfukoni halina thamani ya kikombe cha chai.

Mwenye shamba
Mwanafunzi, umeongea vizuri, lakini kile kilima cha Nebra hakikuwa shamba la mtu aliyetoa ruhusa. Wale walikuwa wezi. Mada inasema ardhi binafsi na mwenyewe amekubali. Msitupake sisi masizi ya wengine.

Mleta mada
Sawa mzee, niletee basi mfano usio na mwizi. Naanza mimi. Mwaka 2010 huko Crosby Garrett, kaskazini mwa Uingereza, mtafutaji alipata kofia ya gwaride ya askari farasi wa Kirumi, yenye uso mzima wa mtu, ikiwa imevunjika vipande. Kwa kuwa ni ya mchanganyiko wa shaba, haikuhesabika hazina. Ilikuwa mali binafsi kabisa. Ikaunganishwa kwa ajili ya mnada kabla wanasayansi hawajapata nafasi ya kuichunguza vya kutosha ikiwa vipande. Makumbusho ya Tullie House yalichangisha, watu wa kawaida wakatoa, na bado mnunuzi asiyejulikana akaichukua kwa zaidi ya pauni milioni 2.2. Hakuna aliyevunja sheria hata moja. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Mwaka 2023 wakapanua tafsiri ya hazina, vitu vya metali vyenye umaana wa pekee na umri wa zaidi ya miaka 200 viingie hata kama si dhahabu wala fedha.

Mtafutaji
Na mwenye kofia akalipwa vizuri kuliko ambavyo makumbusho yangeweza. Semeni na hilo.

Mleta mada
Nimelisema. Ndiyo maana nadai malipo yawe ya kweli. Nchi inayochukua bure inawafundisha watu kuficha. Lakini hata malipo yakiwepo, tamaa nayo ipo. Wawili waliochimbua hazina ya Waviking huko Herefordshire mwaka 2015 walikuwa na njia halali ya kuripoti. Wakaficha, wakaanza kuuza kimyakimya. Inakadiriwa zilikuwa sarafu kama 300, na kufikia 2019 zilikuwa zimeonekana 30 na kitu tu. Katika hizo chache zimo zinazowaonyesha Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, wafalme wa falme mbili za kale za Uingereza, kama washirika, wakati masimulizi ya upande wa Wessex yalimfanya Ceolwulf kibaraka tu. Mwaka 2019 mahakama iliwapa miaka 10 na miaka 8 na nusu, ingawa rufaa ilipunguza baadaye. Sarafu zilizopotea zingesema nini, hakuna ajuaye.

Mpita njia
Nyie mnagombania dhahabu, mimi nina maswali madogo. Shimo lisipofukiwa, ng'ombe akavunjika mguu, nani analipa? Na shamba likiwa la kukodi, ruhusa inatolewa na mwenye hati au anayelima? Na kikilia kitu, kumbe ni bomu la vita?

Mtafutaji
Maswali ya maana kuliko yote hapa. Shimo: unakata kipande cha majani chenye mizizi, unakigeuza, unachimba udongo unauweka kwenye kitambaa, ukimaliza unarudisha na kukanyaga. Ukiacha kovu hustahili kuitwa tena. Bomu: unaacha palepale, unarudi kwa nyayo zako, unapiga simu polisi. Hakuna kulitikisa kujua kama lina uhai. Shamba la kukodi: wote wawili wasaini. Na mgawanyo uandikwe kabla mashine haijawashwa, kwa sababu urafiki wa nusu kwa nusu wa mdomoni huyeyuka dhahabu ikionekana. Jambo jingine: usiisugue sarafu. Utando ule wa kijani unaouona uchafu ndio unaoilinda, na ukiukwangua umeua bei yake na maandishi yake pamoja.

Mwenye shamba
Haya. Tuseme nimekubali kuripoti. Mnajua kinachofuata? Habari inatoka, na usiku wanakuja watu wenye mashine na tochi. Wananichimbia mazao. Mimi niliyeripoti ndiye ninayelala macho. Aliyeficha analala usingizi.

Mwanafunzi wa akiolojia
Hilo ni kweli na halina jibu rahisi, mzee. Hazina ya Staffordshire ilipatikana Julai 2009, ikatangazwa Septemba baada ya uchimbaji kukamilika, na wakati wote huo walikaa kimya. Wanaosajili vitu Uingereza nao hawaweki hadharani mahali kamili.

Mwenye shamba
Basi iandikwe kwenye sheria, isiachwe kwa hisani ya afisa. Siri ya mahali hadi uchimbaji uishe, walinzi kwa gharama yao, mazao yaliyokanyagwa yalipwe kando na hazina, na tathmini yangu isikilizwe. Wakiniwekea hayo manne nitaripoti. Likikosekana moja, huyo mwenye mashine hata getini hapiti.