Nina Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka), nipime vinasaba au niache?

Wakuu, habari za wakati huu. Nina miaka 46, naishi Houston. Mkono wa kulia unatetemeka, vifungo vya shati nafungiwa na mke wangu. Dawa ya levodopa inanisaidia. Sasa daktari anasema naweza kupimwa vinasaba bure kupitia mpango wa Parkinson's Foundation, taasisi ya Marekani ya ugonjwa huu. Mke anataka nipime. Dada yangu aliyeko Tanga hataki hata kusikia. Watoto ninao watatu. Mtu ambaye tayari anaumwa, akijua inamsaidia nini?

Nesi_Mstaafu: Pole sana mkuu. Wengi wakipimwa hawakutwi na kitu. Wanaokutwa na jeni yenye kasoro inayohusishwa na ugonjwa huu ni kama 10 hadi 15 kwa mia. Dawa zako huenda zisibadilike. Ila ukikutwa na LRRK2 au GBA1, kuna dawa za majaribio zinazolenga jeni hizo, na kwenye baadhi ya majaribio hayo bila majibu huingizwi.

Binti Shinyanga: Kaka yangu alianza kuumwa hajafika 40. Miaka yote alijilaumu kwa sumu ya pamba aliyopulizia shambani bila kuziba pua. Kipimo kikaonyesha jeni iitwayo PRKN: nakala mbili mbovu, moja ya baba, moja ya mama. Alilia, lakini tangu siku hiyo hajataja tena ile bomba ya kupulizia. Na akaambiwa wanawe kila mmoja amebeba nakala moja tu, ambayo kwa kawaida haimuumizi mtu. Kwangu mimi hiyo peke yake ilitosha.

Mzee wa Bima: Taratibu kidogo. Sheria ya Marekani ya 2008 inazuia bima ya afya na mwajiri kukubagua kwa vinasaba, lakini bima ya maisha haimo. Wanao wakubwa walijue hilo kabla hawajapima. Na majibu yako yanamgusa dada hata asipopima. Tafadhali usiyaweke kwenye grupu la familia.

Nesi_Mstaafu: Naongezea. Mwaka 2023 watafiti walitangaza badiliko la GBA1 linalopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, baadhi ya waliochunguzwa wakiwa Wanigeria. Muulize mshauri wa vinasaba kama kipimo chako kinalisoma.

Mleta uzi: Asanteni sana, nimewaelewa. Naelekea kupima. Jumapili nampigia dada kwanza, nimuulize kama majibu yakitoka anataka kuambiwa au nibaki nayo.